Kubadili Kabureta ya Mashine ya Majani Bila Kudhuru Afya

Mvua za kwanza zikinyesha hapa Itetemia na Tabora yote, kwa kawaida mwezi wa Novemba, majani huota upesi. Baada ya wiki chache uwanja wa shule, ua wa zahanati na kando za njia huwa kijani kitupu. Ni vizuri majani hayo yakatwe. Majani marefu huficha nyoka. Huficha pia makopo na matairi ya zamani yenye maji, ambamo mbu hutaga mayai.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa fyekeo na jembe tu. Siku hizi, pamoja na fyekeo, zimekuja mashine za kukata majani zenye injini ndogo ya petroli. Injini ya namna hiyo iko pia kwenye pampu ya kumwagilia bustani na kwenye jenereta ndogo. Mashine ikikataa kuwaka baada ya kulala kiangazi kizima, mara nyingi ugonjwa uko kwenye kabureta. Hapo wengi huamua kuisafisha au kuibadili wenyewe.

Kwa nini ukurasa wa afya useme habari za kabureta? Ni kwa sababu kazi hiyo humfanya mtu ashike petroli kwa mikono, anuse mvuke wake, na mara nyingine aivute kwa kinywa. Petroli huweza kumwua mtu kwa njia tatu: kwa kuingia mapafuni, kwa kuwaka moto, na kwa moshi wake. Kabureta yenyewe si kazi ngumu. Mtu mwangalifu huibadili kwa muda wa saa moja hivi, kwa spana mbili, bisibisi na koleo. Katika somo la leo tutafuata kazi hiyo hatua kwa hatua, na katika kila hatua tutaonyesha hatari iko wapi na jinsi ya kuiepuka.

KABURETA NI KITU GANI?

Kabureta ni chombo kidogo cha chuma kilicho kati ya chujio la hewa na injini. Kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia katika injini. Injini haichomi petroli peke yake. Kwa kila kilo 1 ya petroli inahitaji kilo 15 hivi za hewa.

Chini ya kabureta kuna kibakuli. Ndani ya kibakuli kuna boya dogo linaloelea juu ya petroli. Petroli ikijaa, boya hupanda na kusukuma sindano, na sindano huziba mlango wa petroli. Petroli ikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka. Kutoka kwenye kibakuli, petroli hupita katika tundu jembamba sana liitwalo jeti. Hapo ndipo hukutana na hewa.

Kuna pia kibati kinachopunguza hewa wakati wa kuwasha injini baridi. Mafundi hukiita choki. Injini ikipata joto, choki hufunguliwa ili hewa ya kutosha iingie.

KWA NINI KABURETA HUHARIBIKA?

Petroli si kama asali, ambayo hukaa miaka bila kuharibika. Petroli ikikaa miezi michache, sehemu yake nyepesi hupaa na kuacha uchafu mzito unaonata kama gundi. Mashine iliyowekwa stoo mwezi wa Mei ikiwa na petroli ndani, mwezi wa Novemba huwa na gundi hiyo kwenye kibakuli. Jeti huziba. Sindano hunata. Vumbi la kiangazi nalo huzidisha shida, na maji yakiingia kwenye petroli hutia kutu.

Jeti ikiziba, petroli haifiki na mashine haiwaki. Sindano ikinata ikiwa wazi, petroli hupita kiasi. Itadondoka chini, au itaingia kwenye injini na kutoa moshi mweusi. Hali hii ya pili ndiyo yenye hatari zaidi kwa afya yako. Tutaeleza sababu tutakapofika kwenye habari za moshi.

PIMA KWANZA, NDIPO UTIBU

Kwenye zahanati mgonjwa wa homa hupimwa kabla ya kupewa dawa ya malaria. Fanya hivyo hivyo kwa mashine. Usinunue kabureta kabla ya kujua kama ndiyo yenye kosa.

1. Toa petroli ya zamani na utie mpya, iliyo safi.
2. Angalia chujio la hewa. Likiwa limejaa vumbi, lisafishe au libadili.
3. Angalia plagi. Ikiwa imejaa masizi, isafishe. Ikiwa imevunjika, ibadili.
4. Angalia kama petroli inatiririka kutoka tangini hadi kwenye kabureta. Huenda mpira umeziba.

Baada ya hayo yote, kama injini inawaka tu choki ikiwa imefungwa, au inapanda na kushuka kama mtu mwenye pumu, au petroli inadondoka kutoka kwenye kabureta, basi kosa ni la kabureta. Wakati mwingine kusafisha kibakuli na jeti kunatosha. Lakini ikiwa kutu imekula chuma, au boya limetoboka, ni afadhali kuweka kabureta mpya.

Kabla ya kwenda dukani, andika namba iliyopigwa kwenye injini. Kabureta nyingi hufanana kwa macho lakini matundu yake hayalingani. Uliza pia gasketi mpya, yaani vile vipande vyembamba vinavyowekwa kati ya kabureta na injini ili hewa isipenye.

MATAYARISHO

Fanya kazi nje, mahali pa wazi, wakati wa mchana. Usifanye ndani ya stoo, wala barazani, wala karibu na jiko.

Ndugu msomaji, hapa tusimame kidogo. Wengi wetu tumezoea mafuta ya taa. Tunayaweka ndani, tunajaza kibatari, na mara nyingi hakuna linalotokea. Petroli haina tabia hiyo. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata penye baridi kuliko barafu. Mvuke huo ni mzito mara 3 hadi 4 kuliko hewa. Kwa hiyo haupandi juu kama moshi. Hutambaa chini, kimya kimya, huku huuoni. Ukikuta mafiga yenye makaa, au sigara, au cheche ya waya, huwaka, na moto hurudi kwa kasi mpaka kwenye chombo chako.

Taifa letu lilipata msiba mkubwa kwa sababu hiyo. Tarehe 10 Agosti 2019, katika eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Watu walikimbilia kuchota petroli iliyomwagika. Petroli ikashika moto. Waliokufa walizidi 100, na wengine wengi waliungua vibaya. Wewe una lita moja tu, wala si lori zima. Lakini petroli ni ile ile, na lita moja inatosha kuunguza mtu mzima na nyumba yake.

Kwa hiyo fanya haya kabla ya kufungua chochote:

1. Acha injini ipoe kwa dakika 30 au zaidi. Bomba la moshi lenye joto kali ni hatari karibu na petroli.
2. Vuta waya wa plagi na uuweke mbali na plagi. Bila hivyo, ukizungusha kisu kwa bahati mbaya injini inaweza kushtuka, na kisu kikakata vidole vyako.
3. Zima sigara. Waambie na wenzako wazime. Watoto wasiwe karibu.
4. Weka karibu ndoo ya mchanga mkavu au udongo. Moto wa petroli huzimwa kwa kufunikwa. Ukiumwagia maji, petroli huelea juu ya maji na moto husambaa.
5. Vaa glavu zisizopitisha petroli kama unazo, na miwani ya kukinga macho.

KUTOA PETROLI: USIVUTE KWA KINYWA

Hii ndiyo hatua ambayo huleta wagonjwa wengine zahanati. Tumeona mara nyingi kijana akichukua mpira, akitumbukiza ncha moja kwenye tangi, na kuvuta ncha nyingine kwa kinywa mpaka petroli ije. Ikija, humpalia. Hukohoa, hutema, husukutua kwa maji, na kuendelea na kazi. Wengine husema, "Mimi nimevuta petroli miaka yote na sijafa."

Sikiliza sababu ya hatari hiyo. Petroli ni nyepesi kuliko maji na haina unato. Ikigusa koo huteleza na kusambaa haraka. Mtu akipaliwa, kiasi kidogo huingia kwenye njia ya pumzi badala ya njia ya chakula. Hata kiasi kisichojaa kijiko cha chai kinatosha. Ikifika mapafuni huharibu utando mwororo unaoyasaidia mapafu kufunguka. Mapafu huvimba na kujaa majimaji. Huo ni ugonjwa wa mapafu usioletwa na vijidudu, bali na sumu. Unaweza kuanza katika saa chache, na kuzidi siku inayofuata. Aliyevuta miaka yote hakupaliwa siku hizo. Siku moja atapaliwa.

Tena kwa mashine hii hakuna haja ya kuvuta kabisa. Tangi liko juu na kabureta iko chini. Maji ya mlimani hayahitaji kuvutwa ili yafike bondeni. Funga koki kama ipo. Kama haipo, bana mpira wa petroli kwa koleo isiyo na meno makali. Chomoa mpira kwenye kabureta, uelekeze kwenye dumu la petroli lililowekwa chini, kisha fungua. Petroli itashuka yenyewe. Pikipiki nyingi nazo zina koki na mpira chini ya tangi, hivyo anayechota petroli humo hana sababu ya kutumia kinywa. Na pale ambapo lazima petroli ipandishwe, tumia pampu ya mkono.

Kuna kosa jingine la namna hiyo hiyo. Mtu husafisha jeti iliyoziba kwa kuipuliza kwa kinywa. Midomo hugusa petroli, na akivuta pumzi tena huvuta mvuke. Tumia pampu ya baiskeli. Hupuliza kwa nguvu kuliko mapafu yako, wala haiugui.

MTU AKIMEZA PETROLI AU AKIPALIWA

Fanya hivi:

1. Mwondoe mahali penye mvuke, akae penye hewa safi.
2. Mvue nguo zilizolowa petroli. Osha ngozi kwa maji na sabuni.
3. Asukutue kinywa kwa maji na kuyatema.
4. Usimtapishe. Usimtie kidole kooni. Akitapika, petroli hupita kooni mara ya pili na inaweza kuingia mapafuni.
5. Usimpe maziwa, wala mafuta ya kula, wala maji ya chumvi. Desturi ya kumpa maziwa kila aliyekunywa sumu haifai hapa, maana inaweza kumfanya atapike.
6. Akitapika mwenyewe, mwinamishe au mlaze ubavu ili matapishi yatoke nje.
7. Mpeleke zahanati au hospitali mara moja, hata kama anasema yu mzima. Inafaa aangaliwe kwa saa 6 au zaidi.

Dalili za hatari ni hizi: kukohoa kusikokoma, kupumua haraka, mbavu kuingia ndani anapovuta pumzi, midomo kuwa ya samawati, kusinzia au kuchanganyikiwa, na homa. Mwenye dalili hizi anahitaji oksijeni. Asisubiri kukuche. Kwa sisi wa Tabora, zahanati ikishindwa, rufaa ni hospitali ya Kitete.

KUFUNGUA KABURETA YA ZAMANI

Sasa tangi ni tupu na dumu limefungwa na kupelekwa mbali, hatua 10 au zaidi. Endelea.

1. Toa kifuniko cha chujio la hewa, kisha chujio, kisha kikasha chake. Utaiona kabureta. Mara nyingi imeshikwa na bolti mbili au nati mbili.
2. Tazama vijiti na springi zinazounganisha kabureta na gavana, yaani kifaa kinachoongoza mwendo wa injini. Kila kijiti kina tundu lake. Chora picha kwenye karatasi kabla ya kugusa. Kijiti kikirudi kwenye tundu la makosa, injini inaweza kukimbia kupita kiasi, na injini ya namna hiyo inaweza kupasuka.
3. Weka tambara chini ya kabureta. Petroli iliyobaki kwenye kibakuli itamwagika.
4. Fungua nati mbili. Vuta kabureta polepole. Igeuze kidogo ili vijiti vitoke bila kupinda.
5. Angalia gasketi zilikuwa ngapi na zilipangwaje. Katikati huwa kuna kipande kinene kinachozuia joto la injini lisifike kwenye kabureta. Kipange kwa namna kilivyokuwa.
6. Ziba tundu la injini kwa kitambaa safi ili mchanga usiingie. Kwangua mabaki ya gasketi ya zamani taratibu.

Katika hatua hizi mikono hulowa petroli. Mafundi wengi hunawa mikono kwa petroli baada ya kazi ili kutoa grisi. Desturi hiyo iachwe. Petroli huondoa mafuta ya asili ya ngozi. Ngozi hukauka, hupasuka na kuingiza vijidudu. Aidha, ndani ya petroli mna kitu kiitwacho benzini. Imethibitishwa kwamba benzini huleta saratani ya damu kwa watu wanaoivuta au kuigusa kwa muda mrefu.

Hapo zamani palikuwa na ubaya mwingine. Petroli ilitiwa madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo, hasa wa watoto. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha kuuza petroli ya magari yenye risasi ifikapo mwanzo wa mwaka 2006. Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, iliacha mwaka 2021. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini halikuifanya petroli kuwa sabuni. Nawa kwa maji na sabuni. Grisi ikikaidi, sugua kwanza kwa mafuta ya kula, kisha sabuni.

Petroli ikiingia jichoni, osha jicho kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, ukifungua kope. Usilisugue. Kisha nenda ukaonyeshe zahanati. Tambara lililolowa petroli usilitupe jikoni wala usilitie mfukoni. Litandaze nje, juani, mbali na moto, mpaka likauke.

KUFUNGA KABURETA MPYA

1. Toa kitambaa ulichozibia tundu la injini. Wengine husahau.
2. Panga gasketi mpya na kile kipande kinene kama vilivyokuwa.
3. Unganisha vijiti na springi kwanza, ukifuata mchoro wako. Ndipo uisukume kabureta mahali pake.
4. Kaza nati mbili kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule. Usikaze kwa hasira. Chuma cha kabureta ni laini, hupinda.
5. Rudisha mpira wa petroli na kibano chake. Mpira uliopasuka ubadilishwe.
6. Rudisha chujio la hewa na kifuniko.
7. Chomoa kijiti cha kupimia oili na unuse. Kabureta ya zamani ilipokuwa inavuja, petroli huenda ilishuka kwenye oili. Oili ikiwa nyepesi na inanuka petroli, ibadili kabla ya kuwasha.
8. Tia petroli safi kidogo. Fungua koki, subiri dakika 5 na uangalie. Kama hata tone moja linadondoka, funga na urekebishe. Petroli iliyomwagika ifutwe na ikauke kabisa.
9. Rudisha waya wa plagi.

KUWASHA: MOSHI USIOONEKANA

Isukume mashine mpaka mahali pa wazi, mbali na pale ulipotilia petroli. Funga choki, vuta kamba. Usiweke uso mbele ya kabureta, wala usimimine petroli kwenye mdomo wake ili iwake upesi. Injini ikirudisha moto, moto huo hutokea hapo hapo. Ikishawaka na kupata joto, fungua choki.

Sasa tufikie lile tuliloahidi. Injini yoyote ya petroli hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Kabureta ikiwa mbovu na kupitisha petroli kupita kiasi, au choki ikisahauliwa imefungwa, petroli haiungui sawasawa na sumu hiyo huongezeka sana. Hii ni sawa na jiko la mkaa linalokosa hewa ndani ya chumba kilichofungwa.

Mtu akivuta hewa hiyo, huingia kwenye damu na kushika mahali pa oksijeni. Hushika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu huendelea kutembea, lakini haibebi kile ambacho mwili unahitaji. Kichwa huuma. Kizunguzungu huja, kisha kichefuchefu, na mwili hulegea. Mgonjwa husema, "Nina malaria." Hunywa dawa na kulala mle mle ndani, na huenda asiamke.

Tofauti ni hii: kwa kawaida sumu hiyo haileti homa, na mtu hupata nafuu akitoka nje. Na kama watu wawili au watatu waliokuwa ndani pamoja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, shuku moshi. Zima mashine, toeni wote nje, na mpeleke mgonjwa hospitali akapate oksijeni. Mweleze mganga kwamba palikuwa na injini inawaka. Mganga asipoambiwa hawezi kubahatisha.

Kwa hiyo usijaribu mashine ndani ya stoo, hata mlango ukiwa wazi. Usiwashe jenereta sebuleni wala chini ya dirisha. Na mashine yenye petroli isilale chumba kimoja na watu.

MTU AKIUNGUA

Nguo zikishika moto, asikimbie. Alale chini na kubingirika, au afunikwe blanketi zito. Moto ukizimika, mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete, saa na nguo zisizoganda kwenye ngozi. Usipake dawa ya meno, wala samli, wala unga, wala yai. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke hospitali. Moto ukiwa mkubwa, piga simu ya Zimamoto na Uokoaji, namba 114.

KUHIFADHI PETROLI

Njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa kwetu Unyanyembe. Wapagazi walibeba vitambaa, shanga na pembe za ndovu. Siku hizi mizigo hupita kwa pikipiki, na mmojawapo ni petroli ndani ya chupa za soda na za maji ya kunywa. Chupa hizo huwekwa chini ya kitanda au pembeni mwa jiko.

Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Anajua chupa ya soda, na anajua kwamba soda ni tamu. Akiona, atakunywa. Atapaliwa, na yale yote tuliyoeleza kuhusu mapafu yatampata, lakini katika mapafu madogo zaidi. Petroli na mafuta ya taa vikae katika dumu la mafuta lenye kifuniko cha kukaza, lililoandikwa, nje ya nyumba ya kulala, mahali ambapo mtoto hafiki.

Na kiangazi kikifika tena, toa petroli yote kwenye mashine kabla ya kuiweka, kisha iwashe nje mpaka ijizime yenyewe. Kibakuli kitakuwa kikavu. Gundi haitakuwa na mahali pa kuganda, na mwezi wa Novemba hutahitaji kabureta nyingine.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatenda. Somo hili nalo lifuatwe hivyo hivyo. Msomee fundi wa pikipiki wa kijiji chako. Msomee mama anayeuza petroli kwa chupa. Kisha jadilianeni maswali yafuatayo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini petroli ni hatari kuliko mafuta ya taa karibu na moto?
2. Tangi la mashine ya majani liko juu ya kabureta. Hilo linatusaidiaje tusivute petroli kwa kinywa?
3. Mtoto amekunywa petroli. Jirani anakuja na kikombe cha maziwa. Utamwambia nini?
4. Watu watatu waliolala chumba kimoja na jenereta wameamka wakiumwa kichwa, bila homa. Mtafanya nini kwanza?
5. Katika nyumba yenu petroli na mafuta ya taa vimewekwa wapi leo? Nenda ukaangalie kabla ya kulala.